Kabla ya Kumbadilisha Dalali

Nyumba inapokaa sokoni nchini Uingereza kwa miezi kadhaa bila ya kupata mnunuzi, wazo la kwanza la mwenye nyumba huwa ni kumbadilisha dalali. Huenda uamuzi huo ukawa wa busara, lakini ukifanywa kwa pupa waweza kumletea muuzaji hasara kubwa.

Kwa desturi, muuzaji huwaita madalali wawili watatu waikadirie nyumba yake, na kishawishi ni kumchagua aliyetaja bei ya juu kuliko wenziwe. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Wapo madalali wanaotaja bei kubwa ili wapate mkataba. Wiki zikipita, humrai muuzaji apunguze, na wanunuzi wanapoona bei inashuka huanza kuishuku nyumba yenyewe. Dalali aulizwe nyumba za mtaa ule zimeuzwa kwa kiasi gani, wala si zimetangazwa kwa kiasi gani. Jibu lake laweza kuhakikishwa: bei za nyumba zilizouzwa England na Wales tangu mwaka 1995 zimo katika kumbukumbu za usajili wa ardhi, na hutazamwa kwenye mtandao bila ya malipo.

Jambo la pili ni mkataba. Kwa aliyezoea udalali wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako nyumba moja huweza kutembezwa na madalali watano kwa makubaliano ya mdomo, hapa pana mtego. Mkataba wa dalali mmoja humfunga muuzaji kwa wiki kadhaa. Ukimpa dalali haki pekee ya kuuza, atadai ujira wake hata kama mnunuzi ni jamaa aliyepatikana na muuzaji mwenyewe. Naye anayehamia kwa dalali mwingine bila ya kutoa notisi kwa maandishi huenda akadaiwa mara mbili. Kwa nyumba ya pauni 300,000, ujira wa asilimia 1.5 pamoja na kodi ya asilimia 20 juu yake ni pauni 5,400. Mara mbili ni pauni 10,800.

Sheria humtaka kila dalali wa nyumba za kuishi awe mwanachama wa chombo cha kusuluhisha malalamiko, na muuzaji ana haki ya kuuliza ni kipi.

Lakini ikiwa kosa ni bei, dalali mpya hatabadili ila bango lililoko mlangoni.