Kufungua Geany kwa Amri Moja: Ujuzi Mdogo Unaookoa Kazi ya Mwanafunzi

Mada kwa wazazi, walimu na vijana wanaojifunza kompyuta



Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo, kile ambacho kijana anajifunza mbele ya kompyuta kinamhusu kila mkazi, hata yule ambaye hajawahi kugusa kibodi. Mada ya leo inaonekana ndogo: jinsi ya kufungua programu nyepesi ya kuandikia msimbo kwa kutumia mstari wa amri. Lakini mwanafunzi asiyejua jambo hili anaweza kupoteza kazi ya wiki nzima.

Msimbo ni maagizo ambayo mtu huiandikia kompyuta ili iyafuate. Programu za kuyaandikia ni nyingi. Baadhi ni nzito, zinahitaji kumbukumbu kubwa, na katika mashine kuukuu mwanafunzi huanza kipindi kwa kusubiri. Pale ambapo vijana wanatumia kompyuta kwa zamu, dakika kumi za kusubiri ni dakika kumi zilizotoka kwenye somo.

Geany ni miongoni mwa zile nyepesi. Ilianzishwa mwaka wa 2005 na Enrico Tröger. Haiuzwi, na leseni yake ya GPL inamruhusu yeyote kuitumia, kuwagawia wengine na hata kuibadilisha. Inafanya kazi katika Linux, Windows na macOS. Katika kompyuta ya Ubuntu, huwekwa kwa amri moja:

sudo apt install geany

Intaneti inahitajika wakati huo wa kuiweka. Baada ya hapo Geany hufanya kazi bila bando.

Sasa, mstari wa amri ni nini? Ni sehemu ambapo mtumiaji huiagiza kompyuta kwa maneno badala ya kubofya picha. Sehemu hiyo huonekana ndani ya dirisha liitwalo terminali. Katika Ubuntu, dirisha hilo hufunguka kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Kila amri huandikwa, kisha hubonyezwa Enter.

Tuseme mwanafunzi ana folda iitwayo miradi, na ndani yake kuna faili ya Python iitwayo mahindi.py, inayokokotoa mapato ya magunia ya mahindi. Ataandika hivi:

cd miradi
ls
geany mahindi.py

Amri ya kwanza inamwingiza kwenye folda. Ya pili inamwonyesha vilivyomo. Ya tatu inafungua Geany pamoja na faili anayoitaka. Kama Geany tayari ilikuwa wazi, faili hiyo huongezwa katika dirisha lile lile, na mashine haibebeshwi mzigo wa dirisha jingine.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hushtuka. Mwanafunzi anaandika amri, Geany inafunguka, lakini ukurasa ni mtupu. Anadhani kazi yake imefutika. Mara nyingi kazi iko salama. Geany ikiitwa na jina la faili ambayo haipo katika folda hiyo, humfungulia mtumiaji ukurasa mpya wenye jina hilo. Huenda yuko kwenye folda nyingine. Huenda pia ameandika Mahindi.py kwa herufi kubwa, na kwa kawaida Linux huhesabu Mahindi.py na mahindi.py kuwa faili mbili tofauti.

Kosa la hatari ni lile linalofuata: kuanza kuandika upya na kuhifadhi. Sasa kuna faili mbili zenye jina moja au yanayokaribiana, kila moja mahali pake, na baada ya siku chache hakuna anayejua ipi ndiyo ya kweli. Dawa yake ni kufunga ukurasa huo mtupu bila kuhifadhi, kurudi kwenye terminali na kuandika:

pwd

Amri hiyo hutaja folda ambayo mtumiaji yuko ndani yake wakati huo. Kisha ls itamwonyesha kama faili ipo. Wahenga walisema aulizaye njia hapotei, na pwd ni namna ya kuuliza njia.

Faida nyingine huonekana programu inapokataa kufanya kazi. Python ikikutana na kosa, hutaja jina la faili na nambari ya mstari. Ikitaja mstari wa 40, mwanafunzi hana haja ya kuhesabu mistari kwa kidole. Anaandika:

geany +40 mahindi.py

Geany itamfikisha kwenye mstari huo moja kwa moja. Kama haoni kosa hapo, autazame pia mstari uliotangulia, kwa sababu mabano yaliyosahaulika juu yanaweza kuonekana kama kosa la chini.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wanaoanza. Geany ikifunguliwa kwa mara ya kwanza kutoka terminali, terminali hiyo haipokei amri nyingine mpaka Geany ifungwe. Alama moja mwishoni huondoa usumbufu huo:

geany mahindi.py &

Kwa njia hiyo mwanafunzi anaandika msimbo katika dirisha moja na kuujaribu katika dirisha la pili. Ni vyema pia majina ya faili yasiwe na nafasi katikati. Jina kama hesabu za shamba.py, likiandikwa bila alama za kunukuu, litachukuliwa kuwa majina matatu. Afadhali kuandika hesabu-za-shamba.py.

Walimu wanaweza kuanza na hatua hizi siku ya kwanza, kabla ya somo lolote la lugha ya programu. Kila mwanafunzi aandike amri kwa mkono wake mwenyewe, akosee, aone ukurasa mtupu, kisha aitafute faili yake hadi aipate. Atakayefanya hivyo mbele ya mwalimu hatababaika akiwa peke yake usiku wa kuamkia mtihani.

Wazazi nao wana la kufanya, hata kama hawajui msimbo. Wamwulize kijana swali moja: "Kazi yako iko wapi?" Akijibu "iko kwenye kompyuta," bado hajajibu. Akitaja mashine, folda na jina la faili, basi hata mashine hiyo ikiwa ya watu kumi, ataifikia kazi yake, ataweza kuinakili kwenye flash, na kesho ataendelea alipoachia.