Moshi Haupimwi kwenye Mizani

Leo twende mwaloni.

Si mwalo wa samaki. Ni mwalo wa dhahabu, pale wachimbaji wadogo wa Geita, Chunya na kwingineko wanapooshea mawe yaliyosagwa kwenye mashine ya karasha. Tope linateremka juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye ubao ulioinama, na vumbi zito la dhahabu linanasa kwenye nyuzi. Mama mmoja anakung'utia gunia ndani ya beseni. Anafungua kichupa cha plastiki, anadondosha tone linalong'aa kama kioo, kisha anaingiza mikono mitupu na kusugua kama anayefua kitenge. Mgongoni amebeba mtoto.

Tone lile ni zebaki, metali iliyo majimaji na nzito ajabu. Ukiijaza kwenye chupa ya soda ya nusu lita, utabeba karibu kilo saba. Imeletwa mwaloni kwa sababu moja: hushikamana na dhahabu na kuacha mchanga. Mama akishamaliza kusugua anakamua kwa kitambaa, na kinachobaki ni donge la kijivu, dogo kama punje ya hindi. Donge linawekwa juu ya mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, inatoka kwa mvuke, na kile cha kijivu kinageuka manjano. Mnunuzi anatoa mizani yake na kupima mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Hela zinahesabiwa, jua hata halijazama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na sumu je? Kwa kawaida, kila gramu ya dhahabu inayopatikana hivi hugharimu zaidi ya gramu moja ya zebaki inayopotelea hewani, kwenye tope na majini. Mwaka 2018 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa zebaki inayorushwa hewani na shughuli za binadamu, kiasi cha asilimia 38 ya yote. Uchomaji wa makaa ya mawe uko nyuma yake.

Anayeivuta karibu, inaingia mapafuni na kuufikia ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi unapotea, kumbukumbu inapungua. Inayopanda juu hurudi na mvua. Ikifika kwenye matope ya ziwa au mto, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Samaki mdogo anaila kidogo, samaki anayekula samaki anaikusanya, na mwisho wa safari ni sahani. Wajapani waliyajua haya kwa uchungu. Katika ghuba ya Minamata, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki kwa miaka mingi. Paka ndio walioanza kupepesuka, wakizunguka kama walevi. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa binadamu. Kuna akina mama waliojiona wazima kabisa, wakajifungua watoto walioumia tangu tumboni.

Jina la ghuba hiyo ndilo la mkataba wa dunia kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba haumfukuzi mchimbaji mdogo mwaloni. Unataka matumizi yapungue na, inapowezekana, yakome, na unataja mambo manne ya kukomeshwa: kumimina zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya yale machache yaliyooshwa, kuchoma donge hadharani, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kuchenjua kwa kemikali ya sayanaidi marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa, kabla zebaki iliyomo haijaondolewa.

Hapo ndipo ninapotaka kusema langu. Tumezoea kumwambia mchimbaji kwamba hajui. Semina, mabango, vipeperushi. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mchimbaji anajua. Anajua pia kwamba kwa zebaki mara nyingi hapati hata nusu ya dhahabu iliyomo kwenye jiwe lake. Nyingine inabaki kwenye marudio, na hayo marudio yanamnufaisha mwenye matangi ya sayanaidi. Anachokinunua kwa zebaki ni jioni. Ni hela ya unga leo, ya karasha leo, ya kumlipa kijana aliyeshinda duarani, ndani ya shimo la dhahabu, leo. Na kichupa chenyewe mara nyingi kimeletwa na mnunuzi, kwa mkopo. Anayemkopesha zebaki ndiye atakayempimia dhahabu.

Kuna chombo kiitwacho ritoti, bakuli la chuma lenye kifuniko na bomba. Kinanasa karibu mvuke wote na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Ni rahisi, na mafundi wa kulehemu wanaweza kukitengeneza. Mbona hakienei? Waulize wenyewe. Kinachelewesha, na kikishafungwa huoni kinachoendelea ndani. Mchimbaji anahofu ataibiwa, mnunuzi anahofu atadanganywa. Kwa hiyo wote wawili wanainama juu ya mkaa ulio wazi, macho kodo, wakivuta pumzi ileile. Tatizo la zebaki, kwa sehemu kubwa, ni tatizo la kuaminiana.

Na kuaminiana tumeshawahi kukujenga. Machi 2019 Geita ilifunguliwa soko la dhahabu, na mengine yakafuata mikoani. Lengo lilikuwa mchimbaji aione bei, serikali ipate mrabaha, gramu isitoroshwe. Basi soko hilohilo liwe na chumba cha kuchomea: ritoti za kioo zinazoonyesha donge ndani, bomba la kunasa mvuke, mizani mbele ya macho ya wote. Kila kituo cha kununulia kule machimboni kiwe na hivyohivyo kabla ya kupewa leseni. Na zebaki iandikwe kwenye daftari kama dhahabu: imeingia kiasi gani, imerudi kiasi gani. Mchimbaji aondoke na hela yake jioni ileile. Njia isiyompa jioni yake, hata ikiletwa na sheria kali namna gani, ataikwepa kwa mlango wa nyuma, usiku, chumbani anakolala na wanawe.

Najua kambini redio haizimwi, na huenda unanisikiliza sasa hivi mkaa ukiwa umekolea. Soko la namna hiyo bado hatujakupa. Kwa leo, choma nje, mbali na nyumba na vyombo vya chakula. Simama upande upepo unakotokea. Na yule mtoto wa mgongoni, kabla donge halijawekwa motoni, mpelekeni kwa bibi yake.