JAKETI LA UPEPO SI GUNIA
(Hotuba kwa wafanyi kazi wa mashua na gati, Kilindini)



Jaketi la kuokolea maisha, lile la kujazwa upepo, ni jepesi. Lakini likitupwa chini ya makasha hutoboka, na mwenye kulivaa atazama nalo.

Mkitoka kazini lisuuzeni chumvi kwa maji matamu. Kama ni la kujijaza lenyewe, toeni kwanza kichupa cha gesi na kile kidonge kiyeyukacho majini. Litundikeni kivulini likauke kabisa, mbali na mafuta.

Mara kwa mara lipulizeni kwa mdomo, mliache usiku kucha. Likilegea asubuhi, linavuja. Kichupa chenye kutu au kilichokwisha kutobolewa hakifai. Kipimeni kwa mizani: uzito wake umepigwa chapa juu yake, na ukipungua, gesi imetoka.

Kulipeleka kwa fundi aliyeidhinishwa ni juu ya mwajiri. Kwa meli ziendazo ng'ambo, mapatano ya SOLAS yataka hivyo angalau kila miezi 12. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na kuvitunza. Jaketi bovu mpeni msimamizi, na mwakilishi wa chama aarifiwe siku hiyo hiyo. Asiyepewa jingine asipande mashua.