Feza ya asiransi si ya mfuko wako

Mama zetu, baba zetu, na ninyi vijana mliorudi kutoka Nyarugusu, wengi mnaniuliza juu ya kazi ya kuuza asiransi, ile mliyozoea kuiita bima kule Tanzania. Zamani hapa kwetu SONAS ilikuwa peke yake. Sheria ya 2015 ikafungua njia, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zinauza pia. Lakini hapana kuanza kuzunguka na kitabu cha resi tu! Uwe na mkataba wa kampuni, na ruhusa ya ARCA.

Nilimjua kijana mmoja. Wateja wake wa kwanza walikuwa wamotari wa parkingi yao, ndugu zake wote. Alipokea feza, akala kidogo, akisema ataijaza juma lijalo. Siku ya tano motari mmoja akagonga mtoto. Kwa kampuni, jina lake halikuwamo. Mama ya yule kijana ndiye aliyeuzisha shamba ili hospitali ilipwe.

Basi feza ifike siku ileile, mteja abaki na cheti mkononi. Yako ni komisyo tu, na miezi ya kwanza haitoshi hata unga. Wafadhili wetu mkisoma hapa: msaidieni anayeanza apate chakula cha miezi hiyo, asiguse feza ya watu.

Mwenye mkataba aulete, tuusome pamoja kabla hajatia sahihi.