Damu Husema Kabla ya Maradhi



Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo humlenga mtu ajuaye kwamba anaumwa, akanyamaza. Lakini yako maradhi ambayo humficha hata mwenyewe. Mwalimu husimama mbele ya ubao miaka ishirini, hana homa, hajaomba ruhusa ya ugonjwa hata siku moja. Kisha asubuhi moja chaki humwanguka mkononi, mdomo ukapinda, na wanafunzi wakakimbia kumwita mwalimu mkuu. Watu husema ameugua ghafla. La hasha! Aghalabu damu yake ilikuwa ikitoa taarifa kwa miaka mingi, ila hapakuwa na mtu aliyeisoma.

Elimu ya kuisoma taarifa hiyo haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, madaktari walianza kuwapima wakazi 5,209, wanawake kwa wanaume, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 62. Hawakungoja waugue. Waliwaita tena kila baada ya miaka miwili, wakaandika shinikizo la damu, uzito, na kiasi cha lehemu, yaani mafuta yaitwayo kolesteroli, kilichomo katika damu. Ilipofika mwaka 1961 ilikuwa dhahiri kwamba maradhi ya moyo hayakuja kwa bahati mbaya tu: dalili zake zilionekana katika vipimo wakati watu wangali wazima.

Je, alama hizo ni zipi? Ya kwanza ni sukari. Kwa mtu ambaye hajala kwa muda wa saa nane au zaidi, sukari inayofikia milimoli 7.0 katika lita moja ya damu ni alama ya kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Hata hivyo, kipimo hiki hueleza hali ya asubuhi ile tu. Wapo watumishi ambao wakisikia kwamba wapimaji watafika ofisini huacha soda na maandazi kwa siku tatu, wakapimwa, kisha wakarudi mezani wakijisifu. Hao hawana tofauti na mwanafunzi mtoro ajaye shuleni siku ya mkaguzi.

Kwa mtoro wa namna hiyo lipo daftari la mahudhurio. Sukari ya damu hushikamana na himoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kwa siku 120 hivi. Mwaka 1968, Samuel Rahbar, akifanya kazi mjini Tehran, aliikuta himoglobini isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Kutokana na ugunduzi huo kimepatikana kipimo ambacho maabara hukiandika HbA1c, nacho hueleza wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kikifikia asilimia 6.5, ni alama ya kisukari. Siku tatu za kujinyima hazikifuti.

Alama ya pili ni mafuta. Lehemu yenyewe si sumu. Mwili huitengeneza na kuihitaji. Jambo la kutazamwa ni wachukuzi wake. Mchukuzi aitwaye LDL akizidi, huiacha lehemu katika kuta za mishipa, ikajijenga humo hata njia ya damu ikawa nyembamba. Yako pia mafuta ya trigliseridi, ambayo hupanda kwa unene, pombe, na wingi wa sukari na wanga.

Wako wasemao kwamba hayo ni maradhi ya ughaibuni. Tanzania yenyewe inalo jibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima Wamasai, watu wa maziwa na nyama, wakakuta lehemu ya damu yao iko chini. Taarifa yao ya mwaka 1972, iliyotokana na kuchunguza miili ya marehemu 50, iliongeza jambo: mafuta yalikuwamo mishipani, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka. Mann aliona kwamba sababu ni mwendo mrefu wa kila siku. Mchungaji yule hakujua kiti cha ofisi. Uchunguzi wa vijijini uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wasiofikia mmoja katika kila 100. Ule wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu wenye miaka 25 hadi 64, ulikuta kama 9. Ingawa makundi hayo hayafanani, pengo hilo si dogo.

Pamoja na hayo, tarakimu si hukumu. HbA1c huweza kudanganya kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu. Kipimo kilichopanda kwa mtu asiye na dalili hurudiwa. Lehemu nayo husomwa pamoja na umri, shinikizo la damu na uvutaji wa sigara. Kwa hiyo karatasi ya maabara na ipelekwe kwa daktari, si kwa jirani wala kwa muuza dawa wa sokoni.

Mtumishi wa umma hukubali hesabu za ofisi yake zikaguliwe kila mwaka, wala haoni kwamba ametuhumiwa wizi. Vivyo hivyo, kupimwa damu si kutafuta ugonjwa. Aliyetimiza miaka 40, aliyenenepa kiunoni, au ambaye mzazi wake aliugua kisukari au kiharusi, hana sababu ya kungoja. Mwalimu aliyejua mapema anayo nafasi ya kupunguza sukari na mafuta, kutembea kwa miguu kwenda shuleni, kumeza dawa alizoandikiwa, na kuendelea kuishika chaki yake.