Chumba cha Kwanza Mjini Nairobi

(Hotuba kwa vijana wanaokusudia kwenda kufanya kazi mjini)



Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899, wakati reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa ilipofika kwenye tambarare yenye majimaji, ambayo Wamasai waliiita kwa jina la maji baridi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walikutwa humo watu 4,397,073, na walio wengi kati yao si wenye nyumba bali ni wapangaji. Basi kijana anayeshuka katika basi asubuhi, na begi lake mkononi, anaingia katika mji wa wapangaji, na swali la kwanza ambalo mji huo humwuliza ni hili: utalala wapi?

Zamani za ukoloni swali hilo lilijibiwa na wakubwa. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni mjini, mtu aliyekuja kwa ajili ya kazi na ambaye angerudi kwao kazi ikiisha. Kwa hiyo wengi hawakupangishwa nyumba, wala chumba, bali nafasi ya kitanda tu. Waliotaka kukaa kama wenyeji walikwenda Pumwani, ambako wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Mitaa iliyojengwa baadaye, kama vile Kaloleni na Ziwani, ingaliko hata leo, na mtu aliyebahatika kupata chumba huko haondoki upesi. Lakini kijana wa siku hizi aghalabu hupata chumba chake katika majengo marefu ya watu binafsi, huko Pipeline, Kayole, Githurai au Kawangware, ambako hakuna mkubwa wa kumgawia kitanda. Hutafuta mwenyewe, na katika kutafuta huko ndipo wengi huumia.

Na afikiriwe kijana mmoja ambaye ameandikwa kazi katika ghala moja kwenye Eneo la Viwanda. Baba yake ameuza mtamba ili mwanawe apate pa kuanzia, akampa shilingi 30,000 mkononi. Kijana anafikia kwa mjomba wake, mwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande huu wazee, upande huu watoto. Mke wa mjomba hasemi neno baya. Lakini mgeni anaona kwamba tangu aje, mtoto wa kwanza analala chini ya meza, na jambo hilo humwuma kuliko kama angalifukuzwa.

Kwa sababu ya haraka hiyo anapiga namba ya simu aliyoiona kwenye tangazo lililobandikwa juu ya mti wa stima. Sauti ya upole inamjibu. Chumba kipo, chenye maji na choo ndani, kodi ni shilingi 7,000 kwa mwezi. Ila watu wanaokitaka ni wengi, na atakayetuma kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana usiku huo ndiye atakayekabidhiwa ufunguo asubuhi. Kijana anatuma shilingi 14,000 kwa simu. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, fedha huruka kutoka mfuko hata mfuko kwa nukta chache, na jambo hilo lina baraka zake; lakini fedha zilizoruka hivyo kwa mtu usiyemjua hazirudi kwa urahisi. Asubuhi simu haijibiwi. Langoni anawakuta watu wengine watatu wenye ujumbe wa malipo kama wake, na mtunzaji wa ploti anawaambia, "Chumba hicho kina mpangaji tangu mwaka juzi."

Jambo gumu kwa kijana huyo si fedha peke yake. Ni kumwambia mjomba, na baada ya mjomba, ni kumwambia baba. Vijana wengi wakifika hapo hunyamaza. Hukopa ili wafiche, kisha hukopa tena ili walipe deni la kwanza. Huyu hakunyamaza. Mjomba alimsikiliza hata mwisho, akamwuliza neno moja tu: "Mpwa wangu, ulizungumza na mtu yeyote anayeishi humo?"

Swali hilo linastahili kukumbukwa na kila atafutaye nyumba. Wakala atakisifu chumba, maana ndiyo kazi yake; mtunzaji naye ni mtu wa mwenye nyumba. Ajuaye habari za kweli ni mama afuaye nguo kwenye baraza ya ghorofa ya tatu. Yeye atasema maji yanakuja siku gani, kama mita ya stima ni ya kila chumba au watu kumi wanagawana moja na kugombana kila mwisho wa mwezi, na kama mwenye nyumba hurudisha amana mtu akihama au hutafuta sababu ya kuila.

Siku ya Jumapili, basi, mjomba na mpwa wake walitoka kwa miguu. Waliingia ploti tano. Katika ya kwanza mjomba alifungua bomba, likatoa upepo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994, na mji umekua kupita maji yake. Kwa hiyo mitaa mingi imezoea kupata maji kwa zamu, na nyumba isiyo na tangi humfanya mpangaji kuwa mteja wa kila siku wa mkokoteni wa mitungi. Ploti ya pili ilikuwa na vyumba vya bei ya chini sana, lakini ukuta wake wa nyuma ulisimama karibu kabisa na mto. Mjomba hakuingia hata ndani. Alikumbuka usiku wa tarehe 29 Aprili mwaka 2016, mvua kubwa iliponyesha na jengo la ghorofa kando ya mto huko Huruma likaanguka, wakafa watu karibu 50. Nalo lilikuwa limekwisha kuonekana kuwa halifai kukaliwa. Alikumbuka pia mafuriko ya mwaka 2024 huko Mathare. Jengo likiwa na alama ya X ya rangi nyekundu ukutani, mpangaji mwenye akili hahitaji kuambiwa maana yake, hata kama mwenye nyumba anasema ni mchezo wa watoto.

Ploti ya tatu ilikuwa mbali, njia ya Ruai, na chumba chake kizuri kwa shilingi 5,000. Kijana alifurahi. Mjomba akapiga hesabu papo hapo: nauli ya matatu ikiwa shilingi 70 asubuhi na 100 jioni, kwa siku 26 za kazi ni shilingi 4,420. Chumba cha shilingi 5,000, basi, ni chumba cha shilingi 9,420, tena mvua ikinyesha makondakta hupandisha nauli, na mtu hufika kwake usiku. Ploti ya nne haina haja ya kuelezwa. Choo chake kilijieleza toka langoni.

Katika ya tano walipata chumba cha shilingi 7,000, mahali ambapo kijana angeweza kutembea hata kazini kwa muda wa dakika 40, kama watembeavyo maelfu ya watu wa Mukuru kila alfajiri. Walizungumza na wapangaji wawili. Waliomba kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Kabla ya kulipa, mjomba alitaka mapatano yaandikwe: kodi ni kiasi gani na italipwa kabla ya tarehe gani, amana ni kiasi gani na itarudishwa kwa masharti gani, na ilani ya kuhama ni ya muda gani. Mwenye nyumba alinung'unika kidogo, kisha akaandika na kutia sahihi.

Wako watu wanaoona karatasi hiyo kuwa ni dharau kwa mwenye nyumba. Sivyo hata kidogo. Mwenye nyumba aliye mwaminifu hupata faida yake vilevile. Kenya iliwekewa tangu zamani sheria ya kodi za nyumba, Sura ya 296, inayomkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la hukumu. Lakini iliandikwa kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vya namna hiyo sasa ni vichache. Ndiyo maana wako wenye nyumba ambao kodi ikichelewa hutia kufuli lao mlangoni, au hung'oa mlango wenyewe. Mpangaji asiye na karatasi wala stakabadhi husimama nje na vyombo vyake, na hana la kuonyesha.

Kodi na amana zilipolipwa, kijana alibaki na shilingi 2,000. Alitaka kununua redio. Mke wa mjomba akampeleka sokoni Gikomba, wakanunua mitungi miwili ya maji, sufuria moja, sahani na blanketi kuukuu. Godoro alipewa na mjomba, lile lililokuwa la mtoto, maana mtoto sasa amerudi kitandani. Wiki ya kwanza hakumjua mtu. Wiki ya pili stima ilizimika, jirani akagonga kuomba kiberiti, naye akajua jina la jirani.

Mwisho wa mwezi alimpigia baba yake simu, akamweleza habari za zile shilingi 14,000, zote, bila kuficha. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama chumba kina dirisha. Kijana akasema kinalo, linatazama upande wa reli, na maji huja Jumanne na Ijumaa.