Kuuliza Si Ujinga: Mtumishi na Marejesho ya Kodi ya Mapato

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapokaribia ukingoni nchini Kenya, huonekana jambo ambalo sasa limekuwa kama desturi. Mijini na katika vituo vya masoko, mbele ya vyumba vidogo vya kompyuta ambavyo watu huviita saiba, hupangwa foleni za watu wazima wenye kazi zao na heshima zao: mwalimu, karani, muuguzi, afisa wa kilimo. Kila mmoja amekuja na kitambulisho chake, na wengi wamekuja pia na kijikaratasi kilichoandikwa nambari ya PIN na neno la siri. Wanalolitaka ni moja tu: kujaziwa marejesho ya kodi ya mapato kabla ya usiku wa manane wa tarehe 30 Juni.

Ndugu walimu na watumishi, jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto wa wenzake kusoma na kuhesabu anamkabidhi kijana asiyemjua ufunguo wa hesabu zake zote na serikali. Kijana yule hana ubaya. Anatafuta riziki, na foleni nyuma ni ndefu. Lakini yeye si mwajiri wa mwalimu, wala si ofisa wa kodi, wala hatakuwapo siku barua ya deni itakapofika. Atakayekuwapo ni mwenye PIN. Kwa hiyo hapana budi jambo hili lielezwe kwa utaratibu, swali moja baada ya jingine.

Swali la kwanza, nalo ndilo linaloulizwa kuliko yote, ni hili: ikiwa kodi hukatwa katika mshahara kila mwezi, kwa nini mtumishi atakiwe kujaza marejesho tena? Jibu ni kwamba kukatwa kodi na kutoa maelezo ya kodi ni mambo mawili. Mwajiri hukata kodi na kuipeleka Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Lakini mwajiri anajua mshahara anaoulipa yeye tu. Hajui kama mtumishi ana kazi ya pili, nyumba ya kupangisha, au duka. Marejesho ndiyo mahali pekee ambapo mwananchi mwenyewe hutamka mapato yake yote ya mwaka, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba. Anayo miezi 6 ya kufanya hivyo baada ya mwaka kwisha. Akichelewa, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtoza mtu binafsi faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Na faini hiyo humpata hata yule ambaye kodi yake yote ilikwisha kukatwa.

Swali la pili ni la nyaraka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mtumishi ni fomu ya P9, ambayo hutolewa na mwajiri na kuonyesha mwezi kwa mwezi mshahara, makato ya pensheni, nafuu ya kodi na kodi iliyokatwa. Siku hizi watumishi wengi wa serikali na walimu huipata katika tovuti ya mwajiri inayotoa hati za mishahara, bila kwenda makao makuu. Ndani ya fomu hiyo imo pia nambari ya PIN ya mwajiri, ambayo wengi huitafuta kwa taabu ilhali wameishika mkononi. Mtumishi asikae mbele ya kompyuta kabla hajaipata P9 yake na kuisoma. Anayejaza kwa kukisia hajazi marejesho; anaandika hadithi.

Swali la tatu ni la mlango wenyewe. Mtambo wa iTax, ambao ulianza kutumika miaka ya 2013 na 2014 mahali pa fomu za karatasi, humtaka mtu aandike PIN, kisha neno la siri, kisha ajibu hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa ili ithibitike kwamba yeye ni binadamu. Wengi hukwama hapo, si kwa sababu ya hesabu, bali kwa sababu neno la siri limesahauliwa. Neno jipya hutumwa kwa barua pepe, na hapa ndipo siri ya foleni inapofichuka: barua pepe iliyoandikishwa si ya mwalimu, ni ya mtu aliyemsaidia kuandikisha PIN miaka iliyopita, naye amekwisha hama. Dawa yake si kufungua PIN nyingine, kwa kuwa mtu mmoja huwa na PIN moja. Dawa ni kwenda na kitambulisho katika ofisi ya KRA au kituo cha Huduma, kuomba barua pepe ibadilishwe iwe ya kwake mwenyewe. Na safari hiyo ifanywe Februari au Machi, wakati ofisi zina nafasi, isingojee wiki ya mwisho ya Juni.

Swali la nne lahusu kujaza kwenyewe. Kwa mtu ambaye mapato yake ni mshahara tu, iTax inayo fomu fupi inayojazwa moja kwa moja mtandaoni, ambayo sehemu yake kubwa huwa imekwisha andikwa kutokana na taarifa za mwajiri. Kazi ya mtumishi ni kulinganisha. Je, jumla ya mshahara iliyo katika fomu ni ile ya P9? Je, kodi iliyokatwa ni ile ile? Tofauti ikionekana, asiifute ovyo ili mambo yaishe. Huenda mwajiri alikata kodi na hakuipeleka, au aliipeleka kwa PIN yenye kosa la tarakimu moja. Hatua ya kwanza ni kwenda kwa mhasibu wa mwajiri na hati za mshahara mkononi; ya pili ni kwenda KRA na hati zile zile.

Makosa yanayorudiwa zaidi katika fomu ni mawili. La kwanza ni la nafuu ya kodi ya mtu binafsi. Kwa mapato ya mwaka 2024 nafuu hiyo ilikuwa shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani shilingi 28,800 kwa mwaka. Fomu yataka hesabu ya mwaka. Anayeandika ile ya mwezi mmoja hujikuta ghafla anadaiwa shilingi 26,400 ambazo hakuwa akidaiwa. La pili ni la pensheni: makato yaliyo katika P9 yakiachwa nje, mapato yanayotozwa kodi huongezeka na deni la uongo huzaliwa. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 kiwango cha juu cha michango ya pensheni isiyotozwa kodi kilipandishwa kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Anayejaza kwa mazoea ya miaka ya nyuma atajipunja mwenyewe.

Swali la tano ndilo lenye uzito kuliko mengine. Achukuliwe mtumishi ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na jioni anafundisha katika chuo kinachomlipa shilingi 20,000. Chuo, kikidhani kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya pekee, kinampigia hesabu ya asilimia 10, yaani shilingi 2,000. Kinaondoa nafuu ya shilingi 2,400. Na kodi inakuwa sifuri. Mtumishi anafurahi. Lakini sheria huyajumlisha mapato yote mawili. Zile 20,000 zinakaa juu ya zile 60,000, na kwa viwango vya mwaka 2024 zinatozwa asilimia 30, yaani shilingi 6,000 kila mwezi. Mwaka ukiisha, deni ni shilingi 72,000. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba, ingawa marejesho hupokewa hadi 30 Juni, kodi iliyobaki hutakiwa ilipwe kabla ya kwisha 30 Aprili. Baada ya hapo huongezwa faini ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Mwenye kazi mbili hana budi kumwarifu mwajiri wa pili mapema, ili asipewe nafuu mara mbili na kodi ikatwe kidogo kidogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wako pia wenye vyumba vya kupangisha. Kodi ya pango la makazi, kwa mtu ambaye pango lake kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 288,000 lakini halizidi milioni 15, ilipunguzwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.5 kuanzia tarehe 1 Januari 2024, nayo hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20, mbali na marejesho ya mshahara. Kwa mwenye kuilipa hivyo, hiyo ni kodi ya mwisho; pango halijumlishwi tena na mshahara.

Linabaki swali ambalo haliulizwi kwa sauti, kwa kuwa aliye nalo huona aibu. Ni la marejesho ya sifuri. Hayo yamewekwa kwa mwenye PIN asiyekuwa na mapato yoyote, kama mwanafunzi au mtu asiye na kazi. Lakini kwa kuwa hujazwa kwa dakika chache, na foleni ni ndefu, wamo waajiriwa waliojaziwa sifuri wakaondoka na stakabadhi wakiamini kwamba wametimiza wajibu. Stakabadhi hiyo inasema kwamba mtu huyo hakupata hata senti moja mwaka mzima, huku taarifa za mwajiri wake zikionyesha mshahara wa miezi 12. Siku atakapoomba cheti cha kutimiza wajibu wa kodi, ambacho hudaiwa kwa waombaji wengi wa nafasi za umma, tofauti hiyo yaweza kumfungia njia. Hata hivyo asikate tamaa. Sheria inampa nafasi ya kuomba kusahihisha marejesho yake ndani ya miaka 5, na iTax ina mahali pa kujaza marejesho ya marekebisho. Mficha uchi hazai. Anayeficha kosa hapati wa kumsaidia.

Basi msaada unapatikana wapi? Upo katika ofisi za KRA na katika vituo vya Huduma, ambavyo vilianza kufunguliwa mwaka 2013. Ofisa wa hapo hana ruhusa ya kumtoza mwananchi ada kwa kumwelekeza, naye mwananchi asione haya kumwambia, "Nieleze tena." Akisaidiwa na mtu mwingine yeyote, iwe saiba au nyumbani, yako masharti matatu ambayo hafai kuyaacha: aandike neno la siri kwa mkono wake mwenyewe, asome tarakimu zote kabla ya kutuma, na achukue stakabadhi, kisha abadilishe neno la siri siku hiyo hiyo.

Lakini si haki lawama yote atwikwe mwananchi. Katiba ya mwaka 2010 imetamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ilhali mtambo ambao kila mlipa kodi analazimishwa kupita umeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha wanasheria na wahasibu. Mwalimu mwenye shahada husita mbele yake. Je, mlinzi wa usiku na mpishi wa shule, ambao nao wana PIN na wanapaswa kujaza, watafanyaje? Serikali inayodai maelezo kwa mwananchi ina wajibu wa kumwuliza kwa lugha anayoielewa. Maelezo ya Kiswahili fasaha, yaliyobandikwa katika kila kituo na kuwekwa ndani ya mtambo wenyewe, yangepunguza foleni za Juni kuliko matangazo mengi ya vitisho.

Wakati hayo yakingojewa, wasomi wana kazi ya kufanya. Katika kila shule yuko angalau mwalimu mmoja anayeijua iTax vizuri. Katika kila idara yuko mhasibu. Chumba cha walimu kinaweza kutenga alasiri moja ya mwezi Machi, kila mtu akaja na P9 yake, anayejua akamwonyesha asiyejua, na mpishi na mlinzi wakaalikwa pia wakae katika viti vile vile. Hakuna atakayetaja neno lake la siri, wala hakuna atakayejaziwa. Kila mtu atajaza mwenyewe huku mwenzake akimwelekeza. Mwaka unaofuata, aliyeelekezwa ataelekeza wengine.

Kodi ndiyo inayolipa mshahara wa mwalimu na kununua dawa za zahanati. Mwananchi anayeijua hesabu ya kile alichotoa ndiye mwenye nguvu ya kuuliza kilivyotumiwa. Lakini yule asiyejua hata kilichoandikwa kwa jina lake, atauliza nini?